Sinema za Kesho na Kiu ya Dodoma

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaofika Dodoma kwa shughuli za Bunge au za wizara huwa na swali moja ambalo hawachelewi kuliuliza: watu wa huku jioni hufanya nini? Forodhani hakuna, pwani hakuna, na upepo unaovuma huku ni upepo wa vumbi. Nami, niliyelelewa kwenye vyuo vya Kurani na skuli za visiwani kabla ya kazi kunileta bara, huwajibu kwamba wengine wetu tunatazama sinema. Jibu hili huwachekesha, kwa kuwa wengi wanaamini mapenzi ya sinema ni ugonjwa wa ujana ambao mtu wa miaka arubaini na ushei angekwisha kupona.

Mimi sijapona. Tena ugonjwa wenyewe ni wa kurithi. Wazee wetu waliopanga foleni Majestic, Empire na Cine Afrique hawakuwa watu wavivu wala wapotovu. Walikuwa mahamali, makarani, walimu na akina mama wa nyumbani waliotaka kuona dunia kwa bei ya tiketi. Mwelekeo huo ndio ulioifanya Zanzibar iwe na tamasha lake la kimataifa la filamu, linalofanyika tangu mwaka 1998. Kwa hiyo ninapoandika leo juu ya filamu mpya za kusisimua na zile za kubuni mambo ya sayansi, naandika nikiwa mtazamaji wa kawaida. Utaalamu nawaachia wenyewe.

Filamu iliyonikosesha usingizi kuliko zote katika miaka hii ni Dune, ya mwongozaji wa Kanada, Denis Villeneuve. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2021 na ya pili mwaka 2024, na imetokana na riwaya ya Mmarekani Frank Herbert iliyochapishwa mwaka 1965. Kisa chake ni cha sayari ya mchanga mtupu ambayo chini yake mna mali inayogombewa na madola ya angani. Wenyeji wa sayari hiyo hawana mto wala mvua. Huvaa mavazi yanayokusanya jasho na mkojo wao, yakausafisha na kuwarudishia wenyewe wanywe. Mtu wao akifa, maji ya mwili wake hukamuliwa na kumiminwa katika birika la pamoja, na hapana mwenye ruhusa ya kulionja hata kama anakufa kwa kiu.

Kuna tukio moja katika sehemu ya kwanza ambalo linafaa kuelezwa. Kiongozi wa wenyeji anaingia katika baraza la mtawala mgeni na kutema mate juu ya meza. Walinzi wanashika silaha zao. Ndipo mmoja anayeijua nchi ile anapoeleza kwamba mzee yule ametoa heshima kubwa kupita zote: amewapa wageni maji ya mwili wake. Nilikuwa nikitazama na vijana wa mtaani kwetu, nyumbani kwa jirani. Kwetu visiwani, mtu akitema mate mbele ya wageni atatafutiwa wazee wa kumpeleka akaombe radhi. Lakini vijana wale, wengi wao Wagogo na Warangi, hawakucheka. Walinyamaza, na mmoja akasema polepole kwamba bibi yake angelielewa lile.

Aliyepita chuoni atakuta jambo jingine la kumshughulisha katika filamu hii. Watu wa jangwani wanamngojea "Mahdi". Humwita pia "Lisan al-Gaib", yaani ulimi wa ghaibu. Shujaa anapewa jina la "Usul", neno ambalo sisi tulilikutana nalo katika vitabu vya fikihi, na jina lake jingine, "Muad'Dib", linafanana mno na neno la Kiarabu la mwalimu anayefunza adabu. Yote hayo yametiwa vinywani mwa watu wa miaka elfu nyingi ijayo, na mandhari yao yamepigwa picha katika majangwa ya Yordani na Abu Dhabi, ambako wengi wenu mna shangazi na binamu. Wapo waliokasirika kwa kuona maneno yetu yamegeuzwa mapambo ya sinema. Hasira hiyo naielewa, ila nadhani haikufika mwisho wa kisa. Filamu yenyewe inaonyesha kwamba utabiri ule ulipandikizwa makusudi na watu wa mbali waliotaka kuwatawala wenyeji, na kwamba shujaa anapoukubali anawaongoza waliomwamini kwenye vita visivyo na kikomo. Msichana mmoja tu anasimama na kukataa. Mimi niliyekaa katika mikutano mingi ya hadhara, na kupiga makofi katika mingi yake, nilimtazama msichana yule kwa muda mrefu.

Hata hivyo Dune ni kazi ya wenye fedha. Afrika Mashariki inayo filamu yake juu ya jambo hilo hilo la maji, na ilitangulia zaidi ya miaka kumi. Nayo ni Pumzi, ya Mkenya Wanuri Kahiu, iliyotengenezwa mwaka 2009 na kuonyeshwa mwaka uliofuata katika tamasha la Sundance huko Marekani. Haifiki nusu saa. Inasimulia miaka 35 baada ya vita kuu ya tatu, vita vya kugombea maji. Watu wamejifungia ndani ya jengo, nje hakuna kinachoota, umeme unatokana na nguvu za miili yao wenyewe, na hata ndoto huzuiwa kwa vidonge. Binti anayeitwa Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo wenye uhai, anaotesha mbegu, kisha anatoroka jangwani kuipanda. Anaimwagilia maji yake ya mwisho, na yanapokwisha, anaipa jasho lake.

Ndugu msomaji wa kisiwani, ambaye mvua yako ya mwaka ni zaidi ya maradufu ya mvua ya huku, huenda ukaiona hiyo ni ndoto ya msanii. Dodoma hupata kadiri ya milimita 600 au pungufu, katika msimu mmoja tu kuanzia Desemba hadi Aprili. Mji huu kwa miaka mingi umekunywa kutoka visima vya bonde la Makutupora, upande wa kaskazini. Kina cha maji ya bonde hilo kimepimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo hivyo vimewafunza wataalamu wa dunia jambo zito: maji ya chini hayajazwi kila mwaka. Hujazwa kwa nadra, katika misimu michache ya mvua kubwa kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Miaka mingine yote tunateka akiba. Na watekaji tunaongezeka: sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 410,956 katika manispaa ya Dodoma, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta 765,179 katika jiji. Hayo hayakubuniwa na mtunga sinema yeyote. Kwa hiyo natoa ombi kwa waheshimiwa watendaji wanaosoma safu hii. Zamani serikali ilikuwa na magari ya sinema yaliyozunguka vijijini. Filamu ya nusu saa yaweza kuonyeshwa Bahi, Kongwa na Chamwino kwa gharama ndogo kuliko semina moja ya hotelini.

Filamu za kusisimua nitazigusa kwa ufupi. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ni nzuri, inamfuata kijana wa kijijini anayekwenda mjini kutafuta uigizaji akaangukia mikononi mwa wezi. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imeitoa riwaya ya Adam Shafi kwenye karatasi ikaleta Zanzibar ya miaka ya hamsini mbele ya macho yetu, pamoja na minong'ono na makachero wake. Lakini nina deni ninalowadai wasanii wetu. Muhammed Said Abdulla, mtoto wa Makunduchi, alitupa Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960. Mpelelezi anayetumia akili badala ya bastola, tena katika vichochoro vyetu wenyewe! Natamani kumwona katika filamu kubwa, kabla vijana hawajasadiki kwamba mpelelezi lazima aruke kutoka kwenye helikopta.

Lipo pia suala la lugha. Vijana wengi hutazama filamu za nje zikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiswahili, kazi iliyopata umaarufu kwa watu kama Lufufu. Nimewahi kuibeza kazi hiyo mbele za watu, na hapa naomba radhi. Ni kweli msimulizi huongeza chumvi, na mara nyingine hutia mzaha pale palipotakiwa kimya. Lakini bila yeye, vijana wale wa mtaani kwetu wasingejua kwa nini mzee alitema mate.

Usiku ule hatukuimaliza filamu sote. Kulikuwa na mgao, na mabomba ya mtaa yalikuwa yamekauka kwa siku nne. Kiasi cha saa sita za usiku bomba la uani likaanza kukoroma. Kabla hatujatanabahi, sebule ilikuwa tupu na ndoo zinagongana nje. Mwisho wa kisa tuliutazama watu watatu: mimi, jirani yangu, na mama yake mzee asiyeweza kubeba ndoo, ambaye kila mara alituuliza kama watu wale wa jangwani wamekwisha kupata mvua.