Vipande vya Maneno: Tusome Karatasi za Kiingereza Bila Kubahatisha



Katika mikutano yetu hapa Kahawa Wendani tunaletewa karatasi nyingi tuwasomee: fomu za mkopo, kadi za kliniki, barua za hospitali. Karibu zote ni za Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema lugha rasmi za Kenya ni mbili, Kiswahili na Kiingereza, lakini ukienda kuomba fomu ya Kiswahili mara nyingi utaangaliwa tu. Na ukishatia sahihi au kidole gumba, deni ni lako hata kama hukuelewa. Kwa hivyo mara hii tuzungumze juu ya vile vipande vinavyokaa mbele ya maneno ya Kiingereza. Hata aliyeachia darasa la saba anaweza kuvishika.

Jambo lenyewe si geni. Tunasema mtoto, kitoto, utoto: cha mbele kinabadilika, mzizi unabaki. Hata jina la mtaa wetu, Wendani, kwa Kikuyu ni upendo wa watu wao kwa wao, na ile "an" iliyo ndani yake ni ndugu ya "an" ya kupendana. Kiingereza nacho kina vipande, ila vingi kiliazima Kilatini na Kigiriki cha kale. Vingine tunavyo mdomoni tayari. Baisikeli ina "bi", yaani mbili: magurudumu mawili. Televisheni ina "tele", maana yake mbali (si ile tele yetu ya wingi). "Super" ya superhighway ya Thika ni juu, na "sub" ni chini: sub-county ya Ruiru iko chini ya kaunti ya Kiambu.

Sasa tuje kwa yale yanayouma. Wagonjwa wa presha na sukari wamo karibu katika kila kikundi, na kwenye karatasi zao kuna "hyper" na "hypo". Yote mawili ni Kigiriki. "Hyper" ni kuzidi, "hypo" ni kupungua. "Hypertension" ni presha ya kupanda, "hypotension" ya kushuka. "Hyperglycaemia" ni sukari imezidi kwa damu, "hypoglycaemia" imepungua. Kwa macho tofauti ni herufi mbili tatu tu, lakini kule nyumbani ni kubwa sana. Ambaye sukari imeshuka anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa. Kama anaweza kumeza apewe upesi soda ya kawaida au sukari kwa maji. Yule ambaye imezidi, soda hiyo hiyo inamwongezea. Akizimia, usimtilie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Akina mama wajawazito nao wanaona "antenatal" kwa kadi. "Ante" ni kabla, "natal" ni habari ya kuzaliwa. "Postnatal" ni baada. Usichanganye "ante" na "anti", ambayo ni kupinga: "antibiotic" ni dawa ya kupinga bakteria, ndiyo maana haisaidii homa ya mafua, kwa sababu hiyo inaletwa na virusi.

Kwa upande wa mikopo, neno la kutazama ni "irrevocable". Usiogope urefu wake, likate. "Ir" ni si, "re" ni kurudi, "voc" ni kuita, na "able" ni kama ile "ka" yetu ya kusomeka na kulika. Basi: jambo lisiloitika kurudi. Ukimdhamini mwenzako kwa karatasi yenye neno hilo, huwezi kuja wiki ijayo useme umebadilisha nia. "Non-refundable" nalo linaonyesha kwamba ile ada uliyolipa hairudishwi, hata mkopo ukikataliwa.

Hiyo "ir" ina ndugu watatu: "in", "im" na "il". Ni kitu kimoja, kinageuka kulingana na sauti inayofuata, kama vile sisi tunavyosema ndimi kwa n lakini mbavu kwa m. Ndiyo maana Kiingereza kina "invalid", "impossible", "illegal" na "irregular", zote zikiwa na si ndani yake.

Tumeona ikifaa kikundi kichukue kipande kimoja kila mkutano, katibu akiandike kwa karatasi kubwa ukutani, halafu kila mtu alete neno moja alilolipata kwa pakiti ya dawa, gazeti au risiti. Dakika kumi zatosha, kabla ya kuhesabu pesa. Baada ya hapo hakuna anayesikiliza.

Lakini mtego upo. Kilatini kilikuwa na "in" mbili, moja ya si na nyingine ya ndani. "Indebted" lina ile ya pili: aliye ndani ya deni. Ukifikiri ni asiye na deni, umeumia. Mbaya zaidi ni "inflammable". Watu walilidhania ni kisichoshika moto, mpaka wataalamu wa kuzuia moto kule Marekani wakaanza miaka ya 1920 kuhimiza liandikwe "flammable" peke yake. Yote mawili bado yanatumika. Ukiona lolote kati yao kwa lori la mafuta au mkebe wa rangi, maana ni moja: hicho kitu kinashika moto upesi. Kisichoshika moto huandikwa "non-flammable".