GIA OTOMATIKI IMEGOMA? PIMA UMEME KABLA HUJAGUSA MTAJI



Sisi tunaopeleka mizigo wenyewe, gari ikilala na oda zinalala. Mimi nauza vyombo vya jikoni. Mwezi uliopita gari yangu iligoma kubadili gia: injini inalia sana, mwendo hauongezeki. Fundi wa kwanza alisikiliza dakika mbili tu, akasema giaboksi imekufa, nitafute nyingine. Hela aliyotaja ndiyo ya kuagizia mzigo wa msimu. Nikamwambia ngoja kwanza nipime.

Gia otomatiki za siku hizi zinaongozwa na kompyuta. Sensa zinaipa taarifa za mwendo, yenyewe inatuma umeme kwenye solenoidi, na solenoidi zinafungua na kufunga njia za oili. Waya mmoja ukikatika, kompyuta inaweza kujilinda kwa kung'ang'ania gia moja. Utaapa giaboksi imeisha, kumbe ni umeme.

Fuata hatua hizi, gari ikiwa sehemu tambarare na hendibreki juu:

1. BETRI. Pima kwa testa asubuhi kabla hujawasha. Nzima inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, ziwe kati ya 13.5 na 14.5. Zikipungua, anzia kwenye betri, terminali na altaneta.

2. OILI YA GIA. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, tatizo huenda liko ndani, siyo kwenye umeme.

3. TAA ZA BREKI. Gari haitoki P? Mtu akanyage breki, wewe angalia nyuma. Zisipowaka, kagua fyuzi na swichi ya breki. Na kama inawaka ikiwa N lakini P inagoma, shuku swichi ya gia iliyo ubavuni mwa giaboksi.

4. KODI. Kwenye Toyota nyingi, taa ya O/D OFF ikipepesa ujue kompyuta imeona hitilafu ya gia. Tumia kifaa kidogo cha OBD kinachounganishwa na simu (baadhi ya gari za Japani hazisomeki kwa vile vya bei rahisi). P0700 ni taarifa ya jumla, tafuta kodi nyingine iliyo nayo. P0705 ni swichi ya gia, P0715 sensa ya mzunguko unaoingia kwenye giaboksi, P0720 sensa ya mzunguko unaotoka, P0750 solenoidi A. Ziandike kabla hujachomoa betri, maana zinaweza kufutika.

5. WAYA. Zima gari, chomoa terminali hasi, kisha fungua plagi ya sehemu iliyotajwa na kodi. Tafuta kutu, oili, pini zilizopinda, waya uliotafunwa. Solenoidi za kuwasha na kuzima za Toyota nyingi zinasoma omu 11 hadi 15 zikiwa za baridi. Testa isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, ina shoti. Hakikisha na kitabu cha gari yako.

Kumbuka, kodi haisemi "nunua sensa". Inakuonyesha njia ya umeme ya kukagua, na waya nao ni sehemu ya hiyo njia.

Yangu ilitoa P0720. Nikafuata waya wa sensa, nikakuta panya wameutafuna. Fundi umeme akauunga, tukafuta kodi, gia zikarudi kama kawaida. Mtaji wangu ukabaki salama.

Ukikuta umeme wote uko sawa na gia bado inateleza, usijifungulie giaboksi nyumbani. Nenda kwa fundi na karatasi ya vipimo vyako, umuulize: "Kodi gani imekuonyesha kwamba giaboksi imekufa?" Asiyepima usimpe mtaji wako.

Mtumie mwenzako anayesambaza mizigo kwa gari. Kazi njema!