Mahindi ya GMO: tuulize protini iliyomo

Tangu Baraza la Mawaziri liondoe marufuku ya GMO mnamo Oktoba 2022, na kesi zikafuata mahakamani, kila niketipo barazani swali ni lile lile: sima ya mahindi hayo itatudhuru? Kwangu mimi swali hilo ni pana mno. GMO si chakula kimoja. La kuuliza ni hili: mmea huu umetiwa protini gani?

Jeni ni maagizo tu, na kila siku twala jeni za mchicha na za samaki. Protini inayotokana na maagizo hayo ndiyo yenye kazi. Mahindi ya Bt, kwa mfano, huwa na protini kama Cry1Ab, ambayo asili yake ni bakteria wa udongoni. Kiwavi anayetoboa bua akiila, utumbo wake huharibika akafa. Utumbo wa binadamu hauna pa kuishika.

Maelezo hayo pekee hayatoshi, ndipo maabara inapoingia. Mpangilio wa asidi amino za protini hulinganishwa na ule wa protini zinazojulikana kuleta mzio, kama za njugu, maziwa au kamba. Kisha protini hutiwa kwenye asidi yenye pepsini, mfano wa tumbo letu, ionekane itavunjika kwa muda gani. Ikikawia hutiliwa shaka, kwani protini nyingi za mzio ni sugu.

Vipimo vya aina hii vimewahi kunasa kitu. Kuna soya iliyotiwa jeni ya njugu za Brazil ili kuboresha lishe ya mifugo. Mwaka 1996 ikachapishwa kwamba damu ya watu 8 kati ya 9 wenye mzio wa njugu hizo iliitambua protini ile ndani ya soya. Mradi ukaachwa.

Kisa cha StarLink ndicho kinachonikosesha raha. Protini yake, Cry9C, ilikawia kuvunjika kwenye pepsini, kwa hivyo mwaka 1998 Marekani iliruhusu mahindi hayo kwa mifugo, si kwa watu. Septemba 2000 yakapatikana kwenye chakula cha watu madukani! Waliolalamika walichunguzwa, na hakukuwa na ushahidi kwamba Cry9C ndiyo iliyowadhuru. Lakini tazama: maabara ilishatoa onyo, maghala na vinu vikachanganya.

Hapa kwetu kanuni za 2012 zataka bidhaa yenye GMO zaidi ya asilimia 1 iandikwe hivyo. Kuna vijiti vya kupima protini hizi kwenye nafaka, vyenye mistari kama kile cha mimba, na jibu huja kwa dakika chache. Kwenye mafuta ya kupikia yaliyosafishwa havifai kitu, protini imeshaondolewa. Basi pa kupimia ni bandarini na kwenye kinu. Mama muuza mahamri asibebeshwe mzigo huo. Na kwa kila aina inayoidhinishwa, wenye mamlaka watubandikie kwa Kiswahili jina la protini yake na ilivyofanya kwenye pepsini.