Bonde la mabingwa wa kuruka maji, na mifereji inayoning'inia mwambani

Medali za Olimpiki za Tanzania ni mbili tu, na zote zilipatikana Moscow mwaka 1980. Ya Suleiman Nyambui haina ubishi kijiweni: mita 5,000, fedha, basi. Ya Filbert Bayi ndiyo inayowasimamisha watu vitini. Jamaa aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3:32.2, alikuwa anafanya nini kwenye mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji?

Alikuwa anaongoza. Kama kawaida yake, Bayi alitoka mbele mapema, akafungua pengo, akawaacha wenzake wahesabu mgongo. Mzunguko wa mwisho miguu ikagoma, Bronislaw Malinowski wa Poland akampita. Bayi akamaliza kwa 8:12.5 na medali ya fedha shingoni.

Hapo lazima atokee mtu wa kuongeza: "Lakini Wakenya hawakuwepo." Ni kweli. Kenya iligomea michezo ile, kama ilivyogomea ya Montreal mwaka 1976 pamoja na Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Na ukitaka kujua ni uzito gani ulikosekana, angalia hesabu: kuanzia 1968 hadi 2016, kila Olimpiki ambayo Kenya ilishiriki, dhahabu ya mbio hizo kwa wanaume ilikwenda Kenya. Kila moja. Hakuna klabu ya soka Afrika iliyowahi kutawala hivyo. Ni Soufiane El Bakkali wa Morocco aliyekuja kuuvunja mwiko huo Tokyo mwaka 2021.

Sasa, dhahabu zile nyingi kiasi gani zimetoka sehemu moja ndogo? Moses Kiptanui, binadamu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya dakika nane, pale Zurich mwaka 1995 kwa 7:59.18, anatoka upande wa Marakwet. Ezekiel Kemboi, dhahabu ya Athens 2004 na London 2012, amezaliwa karibu na Kapsowar, hukohuko Marakwet. Huyu ndiye aliyecheza muziki uwanjani baada ya kushinda Daegu 2011, na kule London akabadilishana fulana na Mfaransa Mahiedine Mekhissi kama wachezaji wa mpira mwisho wa mechi, kisha Mfaransa akambeba juujuu. Brimin Kipruto, dhahabu ya Beijing 2008, ni Mmarakwet pia. Mwaka 2011 pale Monaco alikimbia 7:53.64, akaikosa rekodi ya dunia kwa mia moja ya sekunde. Hiyo ni sawa na mpira kugonga mwamba, ukarudi kwenye mstari, refa akapeta.

Mbio hizo zenyewe zilianzia mashambani Uingereza, watu wakishindana kukimbia kutoka mnara wa kanisa moja hadi mwingine, wakiruka ua na mitaro iliyokuwa njiani. Ndiyo maana mpaka leo mkimbiaji ana viunzi 28 vya kawaida, na mara saba anaruka kiunzi chenye dimbwi mbele yake. Mchezo wa mitaro, kwa hiyo. Na Marakwet, kabla hata kiunzi cha kwanza hakijapelekwa kule, ilikuwa tayari nchi ya mitaro. Ila mitaro ya huko haikuchimbwa ili mtu airuke.

Ukitoka Iten, mji wa wakimbiaji ulio mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa ni Bonde la Kerio, kama mita 1,000 tu kutoka usawa wa bahari, joto kali, vumbi, na Mto Kerio unaoelekea kaskazini mpaka Ziwa Turkana. Juu kuna baridi na mvua za vilima vya Cherangani. Chini mvua ni ya kubahatisha. Katikati kuna ukuta wa mawe na miti, mwinuko wa zaidi ya kilomita nzima, na mito kama Arror na Embobut inayouporomokea kwa kelele.

Mababu wa Wamarakwet waliitazama hali hiyo wakafanya jambo ambalo mtu akilisikia bila kuliona atadhani ni chai. Waliukata mto ukiwa bado juu kwenye mteremko, wakayageuza maji pembeni, wakayatembeza kwa kilomita kadhaa kwenye uso wa genge, mahali pengine yakiwa juu ya kuta za mawe zilizopangwa kwa mkono, pengine yakipita ndani ya magogo yaliyochongwa kati, mpaka kwenye mashamba ya mtama na wimbi chini. Hakuna saruji, hakuna pima maji. Kipimo kilikuwa maji yenyewe: yakisimama umekosea, yakikimbia sana yatakula udongo. Watafiti wanakadiria umri wa mifereji hiyo kwa karne, siyo miongo. Wazee wa huko wanahesabu kwa vizazi. Ofisa wa kikoloni R. O. Hennings aliiandikia makala mwaka 1941 akiwaita watu hao watengenezaji wa mifereji wa Kenya, na wakati huo ilikuwa ya zamani tayari.

Msomaji wa Moshi atasema mbona hiyo ni mifongo. Sawasawa, ni ndugu zake. Mifongo ya Wachaga hunywa maji ya mito ya Kilimanjaro kwa namna hiyohiyo. Na pale Engaruka, wilayani Monduli, kuna mabaki ya mashamba na mifereji ya mawe yaliyoachwa na watu waliotoweka karne nyingi zilizopita. Tofauti ni kwamba Engaruka maji yalishakatika. Marakwet bado yanapita.

Anayetaka kuyafuata huanzia Tot, kituo kilicho chini ya mteremko, na kupanda ukingoni mwa Embobut. Kuanza kupanda alfajiri ni lazima, maana saa nne jua la bondeni halina masihara. Nusu saa ya mwanzo ni mateso matupu: mawe yanayoteleza, miiba, mapaja yanawaka. Beki wa kushoto aliyezoea kupanda na kushuka dakika tisini ataomba maji. Halafu unaufikia mfereji, na ghafla njia inalala.

Hilo ndilo tamu lake. Mfereji hauwezi kupanda, na haushuki kwa haraka, kwa hiyo njia iliyo kando yake inakuwa karibu tambarare, imekumbatia genge, upande mmoja mwamba na upande mwingine hewa. Mtu wa Busunzu au Kasulu, aliyekulia kupanda na kushuka vilima vya Buha, atacheka kuona njia ya mlimani isiyo na kilima. Asicheke sana. Njia hiyo mahali pengine ni upana wa nyayo mbili, na ukitazama chini unaona vilele vya miembe ya bondeni vimekuwa vidogo kama mchicha.

Maji yanakwenda polepole, ya rangi ya udongo. Kila baada ya hatua kadhaa kuna mahali yanavuja, na kila panapovuja kuna dalili ya mkono wa mtu: jiwe lililochomekwa, udongo uliokandikwa, majani na matawi yaliyoshindiliwa. Sehemu nyingine siku hizi zina saruji au bomba. Zinapendeza kwenye picha, ila ufa wa saruji hauzibwi kwa jiwe na udongo wa palepale. Saruji na bomba vinataka fedha, na vinabebwa mgongoni mpaka juu.

Mwisho wa njia ni banio, mahali mto unapokatwa. Anayetegemea kuona bwawa la maana atavunjika moyo. Ni rundo la mawe, magogo na matawi lililolazwa mtoni. Mafuriko yakija hulizoa, na watu hupanda tena kulijenga. Wanaokwenda ni wanaume wa koo zinazomiliki mfereji huo, maana kila mfereji una wenyewe. Asiyetokea bila sababu hutozwa faini. Hakuna benchi la akiba: pengo la mtu mmoja kwenye kilomita kumi za genge linaweza kumaliza maji ya wote, kama beki mmoja aliyelala anavyoiumiza timu nzima kwa mtego wa kuotea.

Mgawo nao una sheria zake. Maji huenda kwa zamu, ukoo baada ya ukoo, mchana na usiku, na ndani ya ukoo nyumba baada ya nyumba. Ugomvi haukosekani, hasa usiku, maana kuiba maji ni rahisi, unaondoa jiwe moja tu. Kesi hizo hupelekwa kokwo, baraza la wazee, na hapo hakuna VAR. Kuna kumbukumbu za watu waliokuwepo baba yako alipopewa zamu yake.

Kuna upande wa sheria hizo ambao haupaswi kupakwa rangi. Kwa desturi, mwanamke haruhusiwi kushughulika na mfereji wala kushika zamu ya maji kwa jina lake, ingawa kazi kubwa ya mashamba hayo huifanya yeye. Mjane au mama anayelea peke yake humtegemea ndugu wa kiume amfungulie maji. Mila yenye akili nyingi hivyo kwenye mawe ingeweza kuwa na akili zaidi hapo.

Je, mifereji ndiyo iliyowazaa akina Kemboi? Kijiweni jibu lingekuwa ndiyo, maana stori inanoga. Ukweli ni kwamba Kapsowar iko juu, kwenye baridi, na mifereji mingi inamwaga maji chini kwenye joto. Wakimbiaji wengi wa huko ni watoto wa juu. Mwinuko, shule zenye walimu wa riadha, kaka aliyetangulia akarudi na gari: hizo ndizo sababu za kuanza nazo.

Kinachotisha sasa ni huo mteremko wenyewe. Misitu ya juu, Embobut ikiwamo, imekatwa kwa miaka mingi, na Serikali imewahamisha watu humo kwa nguvu zaidi ya mara moja bila ugomvi kwisha. Mvua kubwa zikija udongo unaondoka na kila kitu. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, maporomoko eneo la Chesongoch, kwenye mteremko huohuo, yaliua zaidi ya watu 20 na kufagia nyumba. Banio likizolewa hujengwa upya. Genge likiondoka, hakuna mahali pa kupanga mawe.

Bonde lina historia nyingine pia, ya wizi wa mifugo na risasi kati ya Wamarakwet na Wapokoti. Kwa hiyo anayekwenda huuliza kwanza hali ikoje wiki hiyo, hukwepa miezi ya mvua kubwa, Machi hadi Mei, huchukua kijana wa hapohapo wa kumwongoza, na huomba ruhusa kwa wenye mfereji kabla ya kukanyaga ukingo wake. Hanawi miguu humo. Kuna watu wanayasubiri maji hayo chini.

Jioni, msafara unaposhuka kurudi Tot, ndiyo zamu ya usiku inaanza. Wanaume wawili watatu wanapanda na tochi na majembe, wanapishana na wageni kwenye ile njia ya nyayo mbili. Mgeni ndiye anayejibana ukutani kuwapisha, kwa sababu wao wana saa waliyopangiwa.