Chupa imepasuka, dakika tano mtoto kazaliwa: Kwa nini filamu za Hollywood huonyesha uzazi hivi?

Tukio hilo unalijua. Mama mjamzito yuko supamaketi, ghafla maji yanamwagika sakafuni. Watu wanapiga kelele, teksi inapita taa nyekundu. Mara yuko hospitali, amelala chali, anamgombeza mumewe, anasukuma mara tatu, na mtoto msafi, mnene, anawekwa kifuani.

Inachekesha. Ila kwa wengi ambao hawajawahi kuingia leba, hapo ndipo wanapopata picha yao ya kwanza ya uzazi. Na picha hiyo ina makosa yanayoweza kumponza mtu.

Zamani uzazi ulifichwa kabisa

Kuanzia 1934 hadi 1968, studio kubwa za Marekani zilifuata mwongozo wa maadili uliojulikana kama Hays Code. Ulikataza kuonyesha mtu akijifungua, hata kwa kivuli. Ndiyo maana katika filamu nyingi za wakati huo unaona baba akizunguka koridoni na sigara, kisha muuguzi anatoka na mtoto kafunikwa blanketi.

Kwenye televisheni mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1952, Lucille Ball, nyota wa kipindi cha I Love Lucy, alipata ujauzito kweli. Kituo cha CBS kilikubali tumbo lionekane, lakini neno lenyewe 'mjamzito' halikuruhusiwa kutamkwa. Badala yake walisema 'anatarajia'. Sehemu ambayo Lucy anajifungua ilirushwa Januari 19, 1953, na watu takriban milioni 44 waliitazama.

Marufuku ilipoondoka, waandishi wa filamu wakaanza kuuonyesha uzazi, lakini kwa njia mbili kuu: kichekesho au kitisho. Rosemary's Baby (1968) iligeuza mimba kuwa hofu. Knocked Up (2007) ikaigeuza kicheko.

Maji si kengele ya kuanzia

Kwenye filamu, chupa ikipasuka ndiyo safari imeanza. Hali halisi ni tofauti. Kwa mimba zilizotimiza miezi yake, ni takriban wanawake 8 katika kila 100 ambao chupa hupasuka kabla ya uchungu kuanza. Wengine wote huanza na uchungu, maji yanafuata baadaye.

Maana yake ni nini? Mjamzito anayesubiri maji yamwagike kama alivyoona kwenye skrini anaweza kuchelewa kutoka nyumbani. Uchungu unaokuja kwa mpangilio na kuzidi nguvu unatosha kumfanya aondoke.

Na kinyume chake pia ni kweli: maji yakitoka bila maumivu yoyote, usikae kusubiri. Nenda kituo cha afya, kwa sababu muda ukizidi kwenda hatari ya maambukizi inaongezeka. Kutokwa na damu au mtoto kupunguza kucheza tumboni navyo si vya kusubiri.

Saa 12 zinabanwa ziwe dakika 5

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwamba kuanzia njia inapofunguka sentimita 5 hadi ifunguke yote, kwa uzazi wa kwanza kawaida haizidi saa 12. Baada ya hapo, kusukuma kunaweza kuchukua hadi saa 3. Filamu ya dakika 100 haina nafasi hiyo.

Filamu chache zimejaribu. Pieces of a Woman (2020) ina tukio la kujifungulia nyumbani lililopigwa bila kukatwa kwa zaidi ya dakika 20. Vanessa Kirby aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Halafu kuna ile kulala chali. WHO inashauri mama achague mkao anaoutaka mwenyewe, ikiwemo kukaa wima, na awe na mtu wa kumsindikiza aliyemchagua. Kwenye filamu, mkao wa chali umezoeleka mpaka unaonekana kama ndio pekee.

Huyo 'mchanga' ana wiki kadhaa

Umewahi kujiuliza kwa nini mtoto wa kwenye filamu ni mkubwa? Katika jimbo la California, ilipo Hollywood, mtoto haruhusiwi kufanya kazi kwenye filamu kabla ya kufikisha siku 15. Hata akifikisha, hafanyi kazi zaidi ya dakika 20 kwa siku, na muuguzi lazima awepo. Ndiyo maana watengenezaji hupenda kutumia mapacha, au mwanasesere.

Baada ya kujifungua, filamu inaisha

Hapa ndipo pengo kubwa lilipo. Filamu nyingi humalizika mtoto akilia, wakati kwa mama kazi ndiyo kwanza inaanza.

Angalia watu wawili: mwandishi Diablo Cody na mwongozaji Jason Reitman. Mwaka 2007 walitoa Juno, kuhusu binti wa shule mwenye mimba, na Cody akashinda Oscar. Mwaka 2018 wakarudi na Tully, na safari hii hadithi iko baada ya uzazi: usiku bila usingizi, maziwa, nepi, na akili inayochoka. Charlize Theron aliongeza takriban kilo 22 kwa ajili ya nafasi hiyo.

Hata hivyo, baadhi ya watetezi wa afya ya akili ya wazazi waliikosoa, wakisema haikuonyesha mama akipata tiba inayofaa. Hoja yao ina uzito: WHO inakadiria kuwa duniani kote takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona.

Kwa hiyo tazama na ucheke, hakuna ubaya. Lakini lini uende hospitali, ukae vipi, au kwa nini huna furaha wiki tatu baada ya kujifungua, hayo muulize mkunga wako kliniki.