Maswali ya wananchi yajibiwe hadharani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya maswali ambayo wananchi, wenyeji na wageni, hupeleka kwenye ofisi za vijiji vyetu, hasa vijiji vilivyo kando ya miji.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Mkoa wa Pwani. Kijiji chetu kilikuwa cha mikorosho na mihogo, lakini siku hizi mji umetufikia. Kila mara lori hushusha vitanda na mabati ya familia mpya, na watoto wao huletwa kuandikishwa shuleni kwetu. Mimi mwenyewe nilifika hivyo hivyo mwaka 2014, nikitoka chuo cha ualimu, na sanduku moja na godoro.

Nilikwenda ofisi ya kijiji kutaka barua ya utambulisho, nikakuta kufuli. Vijana waliokaa chini ya mwembe wakaniambia mtendaji ameitwa wilayani. Nilirudi mara tatu. Mara ya nne mzee mmoja alinicheka, akasema, "Mwalimu, usihangaike na ofisi. Mfuate nyumbani jioni." Nilimfuata, nikapata barua, nikajiona mjanja. Kumbe nilikuwa nimejifunza jambo baya: kwamba jibu la serikali ni la wanaofahamiana.

Ubaya wake niliuona baadaye. Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, alinunua kiwanja. Alionyeshwa mipaka, akapewa karatasi yenye muhuri, akaleta mawe na mchanga. Alipoanza kuchimba msingi, wazee wakamzuia. Wakasema pale ni shamba la shule. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaelekezwa kwa mtendaji. Kwa mtendaji akaambiwa amtafute aliyemwuzia. Akaja kwangu akasema, "Mwalimu, mimi mgeni hapa, nimwulize nani?"

Nami nilikuwa najua mpaka wa shamba lile, maana wanafunzi wangu ndio waliokuwa wakilipalilia. Lakini nilinyamaza, kwa kuwa muhuri uliokuwa kwenye karatasi yake ulitoka mkono ule ule ulionipa barua yangu jioni ile.

Wazee nao walikuwa wakiulizana vibarazani, nani aliyegawa ardhi ya shule? Basi swali lilikuwa moja, lakini mgeni aliliuliza peke yake na wenyeji waliliuliza peke yao. Karibu mwaka mzima ukapita, huku wenyeji wakiwaita wageni wezi wa ardhi, na wageni wakiwaita wenyeji watu wenye husuda.

Swali hilo lilipata jibu siku ya mkutano mkuu wa kijiji. Mzee mmoja alisimama akataka mihtasari ya nyuma isomwe. Ikasomwa. Hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba mkutano uliidhinisha kugawa shamba lile. Kazi yote ilichukua nusu saa. Shamba likarudi shuleni, lakini fedha za yule mama hazikurudi zote. Mawe yake yangali pale, na watoto huyakalia wakati wa mapumziko. Kila niyaonapo naona haya.

Ndugu wasomaji, sheria haikutuacha gizani. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kijiji aliyefikia umri wa miaka 18. Haikutaja aliyezaliwa pale wala aliyehamia. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla ya mkutano mkuu kuidhinisha. Kwa hiyo muhuri peke yake hautoshi. Anayetaka ardhi ya kijiji aulize kwanza: mkutano uliidhinisha lini, na muhtasari uko wapi? Aulize kabla ya kutoa fedha, siyo baada ya kumwaga mawe.

Siwalaumu watendaji tu. Mtendaji ni mmoja, na mara huitwa wilayani, mara anasuluhisha ugomvi, mara anaandika barua za wanaotaka vitambulisho vya taifa. Wageni nao wana kosa. Wengi huijua ofisi siku wanapotaka barua, lakini mbiu ya mkutano ikipigwa wanasema hayo ni mambo ya wenyeji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi naongeza kwamba anayepewa jembe apewe na nafasi ya kukaa mkutanoni, naye aje aikalie.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila ofisi ya kijiji ibandike mlangoni siku na saa za kazi, pamoja na majina ya wenyeviti wa vitongoji, ili mgeni asihitaji kuelekezwa na vijana wa chini ya mwembe. Pili, liwepo daftari moja la maswali. Kila swali liandikwe na tarehe yake, liwe la mgeni au la mwenyeji, liwe la kiwanja, la kisima au la michango ya darasa. Daftari kubwa la kaunta linatosha, wala halihitaji kungoja bajeti. Tatu, mkutano mkuu unapokutana, daftari hilo lisomwe kabla ya mambo mengine, na lisilojibiwa lisomwe tena mkutano unaofuata, mpaka lijibiwe.

Wako watakaosema daftari litaleta uchochezi. Mimi nafundisha watoto kila siku, na sijaona darasa lililoharibika kwa sababu ya mtoto aliyenyosha mkono. Niliyoyaona ni madarasa yaliyoharibika kwa minong'ono ya nyuma.

Katika mkutano wetu uliofuata nilijitolea kununua daftari hilo kwa fedha yangu. Swali la kwanza niliandika mimi mwenyewe: Yule mama atalipwa lini fedha zake zilizobaki? Bado halijajibiwa, nami nitasimama kulisoma tena.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Pwani.