Foleni isimnyime mtoto chakula na usingizi

Saa 12 jioni ndiyo kwanza mama aliyeajiriwa kuuza duka Kariakoo anafunga milango. Kama anaishi Chanika au Mbagala, bado ana kugombea daladala na kukaa kwenye foleni. Anapofika nyumbani saa 2 usiku, mwanawe wa mwaka mmoja na nusu yuko macho, hajala na analia kwa njaa na usingizi.

Mama anawasha jiko. Chakula kinaiva saa 3, mtoto anakula vijiko viwili na kugeuza uso. Analala saa 4 usiku, na saa 11 alfajiri anaamshwa ili apelekwe kwa mlezi.

Hapo amelala saa saba. Akilala mbili nyingine mchana, jumla ni tisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unaelekeza mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo. Mtoto huyu anakosa angalau saa mbili kila siku, na upungufu huo huonekana kwa kulialia, kununa na kukataa chakula.

Wazazi wengi humwacha mtoto macho kwa nia njema, ili amwone mama kabla ya kulala. Hata hivyo, mwili wa mtoto haujui habari za foleni.

Mlo usimsubiri mama

Njia rahisi ni mtoto ale saa 12 jioni na yule anayebaki naye, awe bibi, dada wa kazi au baba aliyewahi kurudi. Kisha aogeshwe, taa na televisheni vizimwe, na saa 2 awe kitandani. Utaratibu huo ukifuatwa kila siku, mtoto huzoea na huacha kusumbua.

Kazi ya mama inakuwa kuandaa mapema. Jumapili anaweza kuchemsha maharage mengi na kuyagawa kwenye vikopo vidogo vya kuweka kwenye friza. Asiye na jokofu anaweza kuchambua dagaa, kusaga karanga na kupima mchele, anayebaki nyumbani apike tu.

Kosa la kuepuka ni kupika asubuhi na kuacha chakula kwenye sufuria hadi jioni. Kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, hasa kwenye joto la Dar es Salaam, kwa sababu vimelea huzaliana haraka na mtoto anaweza kuharisha. Cha kwenye jokofu kipashwe hadi kitoe mvuke chote, ndipo kipoe na kuliwa.

Pia mtoto wa miezi 9 hadi 23 anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku. Mlo wa jioni ukipotea, uji wa asubuhi peke yake haufidii.

Haki ya anayenyonyesha

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Mama anayeishi mbali na kazini anaweza kuzungumza na mwajiri ili muda huo utumike mwisho wa siku, awahi nyumbani.

Asiyepata nafasi hiyo bado ana alfajiri. Mtoto aliyelala saa 2 usiku huamka saa 11 akiwa mchangamfu, tayari kunyonya, kucheza na kusikia sauti ya mama kabla hajaondoka.

Mama akifika usiku na kumkuta mtoto amelala, moyo unaweza kumuuma. Lakini tumbo la mtoto limeshiba, na usingizi wake haukusubiri daladala. Huko nako ni kulea.